Uhalisia pepe na migodi ya Katanga: nani ataendesha mashine kesho, na akiwa wapi?

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu iliyo wazi: shaba ilikuwa hapa, kwa hiyo watu wa kuichimba na kuiyeyusha walipaswa kuwa hapa. Nyumba, shule, hospitali, masoko na viwanja vya mpira vilifuata kazi hiyo. Kwa zaidi ya miaka 100, aliyetaka kuendesha mashine ya mgodi wa Katanga alilazimika kufika Katanga.

Hali hiyo inaweza kubadilika. Teknolojia ya uhalisia pepe, yaani miwani au kofia inayofunika macho na kumfanya mtu ajione yuko mahali pengine, inazidi kuboreka kila mwaka. Ikiunganishwa na mashine zinazoongozwa kutoka mbali, inaruhusu kazi ifanyike sehemu moja na mfanyakazi akae sehemu nyingine.

Wengi wetu tukisikia uhalisia pepe tunafikiria michezo ya vijana. Lakini kwa mkazi wa Lubumbashi, mabadiliko makubwa hayataingilia sebuleni. Yataingilia kazini. Na kazi ikiguswa katika mji wa madini, kila kitu nyumbani huguswa pia: kodi, karo, dawa na unga.

Ahadi zilizochelewa kufika nyumbani

Teknolojia hii si ngeni. Mwaka 1968, mwanasayansi wa Marekani Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonyesha maumbo ya kompyuta mbele ya macho. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kwenye dari. Mwaka 2014, Facebook ilinunua kampuni ya Oculus, mtengenezaji wa kofia za uhalisia pepe, kwa takriban dola bilioni 2. Oktoba 2021, Facebook ikabadilisha hata jina lake na kuitwa Meta, ikitangaza kwamba watu watafanya kazi, watanunua na watakutana na marafiki ndani ya ulimwengu wa miwani.

Haikuwa hivyo. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia teknolojia hiyo kilipata hasara ya dola bilioni 16 mwaka 2023 na zaidi ya bilioni 17 mwaka 2024. Apple nayo ilipoleta miwani yake sokoni Februari 2024, iliiuza kwa dola 3,499, bei ambayo hata Wamarekani wengi waliikimbia.

Hapa kwetu hesabu ni ngumu zaidi. Miwani ya bei ya chini ya Meta, iliyotoka mwaka 2024, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 299. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya watu saba kati ya kumi nchini Kongo waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Ni takriban mmoja tu kati ya watano mwenye umeme, na hata mwenye mita ya SNEL nyumbani Katuba au Kampemba anajua kuwa na waya si sawa na kuwa na umeme. Vifurushi vya intaneti navyo huisha kabla ya mwezi.

Kwa hiyo, kama miwani hii itaingia mitaani mwetu, kuna uwezekano mkubwa ifuate njia ya PlayStation: mtu mmoja ananunua kifaa, anafungua chumba, vijana wanalipa kwa zamu. Huenda pia ikafuata njia ya simu za video. Leo ndugu aliye Brussels au Johannesburg anafuatilia matanga ya Lubumbashi kupitia WhatsApp, simu ikishikwa na mtoto anayechoka mkono. Kesho anaweza kujiona ameketi katikati ya waombolezaji. Hilo si dogo kwa familia zilizotawanyika. Lakini halitabadilisha namna mji unavyoishi.

Nguvu ya kumfanya mtu "awepo"

Ili kuelewa kwa nini kazini ni tofauti, tuangalie kwanza jambo ambalo teknolojia hii inaliweza kuliko nyingine zote: kuudanganya mwili kwamba upo mahali.

Mwaka 2017, mpiga picha wa habari Karim Ben Khelifa alionyesha mjini Paris kazi yake iitwayo The Enemy. Mtazamaji alivaa kofia, akatembea katika ukumbi mtupu, na kujikuta ana kwa ana na wapiganaji wa pande zinazohasimiana kutoka Israel na Palestina, El Salvador na Kongo. Kwa upande wa Kongo walikuwa wawili: mwanajeshi wa jeshi la taifa na mpiganaji wa FDLR. Ukisogea, wanakutazama. Ukizunguka, macho yao yanakufuata.

Vita vya mashariki mwa nchi yetu vilisimama ukumbini Paris, na baadaye karibu na Boston, bila mtu yeyote kupanda ndege kwenda Kivu. Ikiwa hilo linawezekana kwa ajili ya maonyesho, linawezekana pia kwa ajili ya kazi. Mtu anayejisikia yuko ndani ya shimo la mgodi anaweza kujifunza kazi ya shimoni. Na siku mashine za shimoni zitakapounganishwa na miwani yake, anaweza kuifanya.

Kazini mambo yamekwisha kuanza

Hatua ya kwanza ni mafunzo. Kampuni kubwa za madini duniani, na ukanda wa shaba wa Kongo na Zambia haukubaki nyuma, zimekuwa zikiwafundisha madereva kwa simuleta: chumba chenye kiti, usukani na skrini kinachoiga lori la kubeba mawe. Dereva anakutana na breki zilizokatika, mvua juu ya barabara ya udongo na moto kwenye injini kabla hajakabidhiwa mashine ya kweli yenye thamani ya mamilioni ya dola. Akikosea, hakuna anayekufa. Miwani ya uhalisia pepe inakifanya chumba hicho kiwe kidogo na cha bei nafuu zaidi.

Hatua ya pili ni kuongoza kutoka mbali. Katika Australia Magharibi, kampuni ya Rio Tinto ina kituo cha uendeshaji mjini Perth. Kutoka hapo wafanyakazi husimamia migodi ya chuma ya Pilbara, iliyo umbali wa takriban kilomita 1,500, pamoja na malori yasiyo na dereva na treni zinazojiendesha. Umbali huo ni karibu sawa na ule wa Lubumbashi hadi Kinshasa kwa ndege. Ni kana kwamba mtu anakaa Gombe, anakunywa chai, na malori ya Kinsevere yanakwenda chini ya usimamizi wake.

Tuwe waangalifu. Vituo vya namna hiyo hutegemea zaidi skrini kuliko miwani, na si kila mgodi unaweza kuiga Pilbara. Umbali nao una gharama yake. Ishara husafiri haraka sana katika nyaya za mwanga, lakini ikipita vituo vingi hadi bara jingine, picha huchelewa kwa sehemu ya sekunde. Mtu aliyevaa miwani akigeuza kichwa na picha ikachelewa, hupata kizunguzungu. Kuendesha moja kwa moja tingatinga la Kolwezi ukiwa Ulaya bado ni kazi ngumu.

Lakini teknolojia inalizunguka tatizo hilo. Mashine inajiendesha yenyewe kwa sehemu kubwa ya safari, na binadamu anaingilia pale tu inapokwama: jiwe limeanguka, njia imebomoka, lori jingine limesimama. Mtu mmoja anaweza kusimamia mashine kadhaa. Anapoitwa, anahitaji kuliona eneo kana kwamba yupo, na hapo ndipo miwani itakapopata kazi yake. Swali kwa Katanga si kama mtu huyo atakuwepo. Swali ni atakuwa nani, na atakuwa amekaa wapi.

Mji uliokwisha kuachwa mara moja

Lubumbashi haihitaji kubuni kitakachotokea kazi ikiondoka. Inakumbuka.

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuleta vibarua kutoka mbali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilisha mpango: mfanyakazi akae na mke na watoto, apewe nyumba kambini, posho ya chakula, shule na hospitali. Gécamines iliporithi migodi hiyo mwaka 1967, ilirithi pia mzigo huo. Mwaka 1986 ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba, na mshahara wa mtu mmoja ulilisha ukoo.

Kisha mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaporomoka, mishahara ikakatika. Kati ya mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa "kuondoka kwa hiari". Walioondoka hawakupoteza mshahara tu. Walipoteza shule ya watoto, kitanda cha hospitali na heshima ya kuitwa mfanyakazi. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake pekee linatosha: kinawaita wana wa Shaba waliotelekezwa na baba yao.

Leo nchi inazalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, mara sita ya kilele cha Gécamines, na ni ya pili duniani. Uzalishaji umerudi na kupita kiwango cha zamani. Maisha ya kambi hayakurudi. Somo lake ni chungu: tani zinaweza kupanda huku mji ukibaki pale pale. Teknolojia inayoruhusu tani kupanda bila mfanyakazi kuwepo inaweza kuupanua mwanya huo.

Faida ambazo si za kupuuza

Hata hivyo, kuipinga teknolojia hii kwa sababu ya hofu kungekuwa kosa. Anayeendesha mashine kutoka chumba salama havuti vumbi, hapigwi na mwamba, na hasubiri kuokolewa chini ya ardhi. Wanawake, ambao kwa miaka mingi waliwekwa mbali na mashine kubwa, wanaweza kuingia katika kazi ambayo haipimwi kwa nguvu za mabega.

Mfano mwingine uko jirani. Jijini Lusaka, madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist cha Dallas kuwafundisha madaktari upasuaji wa saratani ya shingo ya kizazi kwa kutumia miwani ya kawaida ya dukani. Daktari anarudia hatua za upasuaji mara nyingi apendavyo, kompyuta ikihesabu makosa yake, kabla hajamgusa mgonjwa. Zambia ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa saratani hiyo duniani. Kilichofanyika Lusaka kinaweza kufanyika katika hospitali ya Sendwe au kwenye kliniki za chuo kikuu chetu. Mwanafunzi wa uhandisi wa UNILU naye angeweza kuingia katika mgodi wa chini ya ardhi mara 20 kabla ya kupata nafasi ya kuutembelea mara moja.

Na kuna faida kubwa zaidi ambayo haizungumzwi. Migodi mikubwa ya leo iko mbali na mji huu: Fungurume ni takriban kilomita 200, Kolwezi ni karibu 300. Wafanyakazi huacha familia kwa wiki kadhaa na kulala kambini. Kama mashine zinaweza kuongozwa kutoka mbali, basi zinaweza kuongozwa kutoka Lubumbashi. Mji huu una chuo kikuu tangu mwaka 1955, una mafundi, una uwanja wa ndege, una kizazi cha vijana waliokulia katika simulizi za madini. Unaweza kuwa kwa Katanga kile ambacho Perth ni kwa Pilbara.

Teknolojia ile ile inaweza kuihamishia kazi Perth au kuirudisha Lubumbashi. Haijichagulii. Wanaochagua ni kampuni na serikali, na wakati wa kuchagua ni kabla vyumba havijajengwa.

Sheria zipo, swali halijaulizwa

Kongo haianzi mikono mitupu. Sheria ya Februari 8, 2017 kuhusu kandarasi ndogo inazitengea kazi hizo kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inailazimu kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na kusaini nazo daftari la masharti. Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023 inalinda taarifa binafsi.

Lakini sheria hizi ziliandikwa zikimfikiria mfanyakazi aliyesimama juu ya udongo wa Kongo. Je, chumba cha uendeshaji kilicho nje ya nchi ni kandarasi ndogo? Mtu anayeongoza lori la Lualaba akiwa nchi nyingine analipa kodi wapi? Mkaguzi wa kazi atamkagua nani ajali ikitokea: dereva aliye mbali, au kompyuta? Maswali haya yanahitaji majibu ya maandishi, si ya mdomo.

Masharti matatu yangetosha kuanzia. La kwanza: kila mradi unaoleta mashine za kuongozwa kutoka mbali uweke chumba chake cha uendeshaji ndani ya Haut-Katanga au Lualaba, na hilo liandikwe kwenye daftari la masharti. La pili: sehemu ya fedha za jamii inunue simuleta na miwani kwa ajili ya INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi ambayo ina kituo hapa Lubumbashi, ili kijana wa Ruashi au Kenya ajifunze bila kusubiri kuajiriwa kwanza. La tatu: alama za mafunzo ziwe mali ya mfanyakazi. Miwani hupima macho yanatazama wapi, mkono unatetemeka kiasi gani, uamuzi unachukua muda gani. Hiyo ni siri ya mwili wa mtu. Isitumike kumfukuza kimyakimya, na akihama kampuni aondoke na cheti chake.

Wapo watakaosema kampuni hazitakubali, au kwamba umeme hautoshi. Kuhusu umeme, jibu liko mto Lufira. Bwawa la Mwadingusha, lenye uwezo wa megawati 78, lilikarabatiwa na kukamilika mwaka 2021 kwa fedha za wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula kwa sababu mgodi ulihitaji umeme. Kampuni ikihitaji kitu, njia hupatikana.

Kuhusu ubishi wa kampuni, tukumbuke kobalti. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika betri nyingi za simu, magari na vifaa vya kuvaa kama miwani hii. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wake nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na Oktoba mwaka huo ikaanza kugawa viwango kwa kila kampuni. Kampuni zililalamika, lakini hazikuondoka. Nchi inayoweza kuweka masharti juu ya jiwe inaweza kuweka masharti juu ya kazi.

Wale ambao miwani haiwaoni

Kuna kundi ambalo mjadala huu unaweza kulisahau kabisa. Ni wachimbaji wadogo, tunaowaita creuseurs, wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki moja katika kobalti peke yake. Juni 27, 2019, takriban 43 kati yao walifukiwa na udongo katika eneo la kampuni ya KCC karibu na Kolwezi. Hakuna simuleta iliyowaonyesha jinsi ukuta wa shimo unavyopasuka kabla ya kuanguka.

Huo ungekuwa mtihani halisi wa teknolojia hii hapa kwetu. Miwani moja, betri moja na mwalimu mmoja anayesema Kiswahili vinaweza kupelekwa kwenye ushirika wa wachimbaji na kuwafundisha watu 50 kwa wiki kutambua dalili za maporomoko. Ni rahisi kuliko kujenga chumba cha uendeshaji, na inaokoa uhai moja kwa moja. Kama fedha zitapatikana kwa malori yasiyo na dereva na zikakosekana kwa somo hilo, tutajua uhalisia pepe umekuja Katanga kwa ajili ya nani.

Mwaka 1910 watu waliletwa kwenye shaba bila kuulizwa. Mwaka 2003 waliondolewa kwenye shaba, na kuulizwa kwao kulikuwa kwa kusaini karatasi tu. Safari hii mashine hazijafika zote, vyumba havijajengwa, na madaftari ya masharti yanaweza kuandikwa upya. Wabunge wa mkoa, vyama vya wafanyakazi, kampuni na UNILU bado wana nafasi ya kukaa meza moja. Wakichelewa, mkazi wa Lubumbashi ataendelea kuona malori yaliyojaa shaba yakipita kuelekea Kasumbalesa, na anayeyaongoza hatakuwa jirani yake.